Koleo Lisilo na Meno au Koleo-Spana: Lipi Lamfaa Fundi wa Bomba?

Katika nyumba nyingi zilizojengwa miaka hii, mijini na hata mashambani, mifereji ya maji si ile ya shaba tupu iliyozoewa zamani, bali ni mifereji ing'aayo iliyopakwa kromu. Kromu hiyo ni ngozi tu, nyembamba kuliko unywele wa mtu mara nyingi. Chini yake mna nikeli, na chini ya nikeli mna shaba ya manjano. Fundi akija na koleo la kawaida lenye meno, akaibana nati ya mfereji huo na kuizungusha, meno huipasua ngozi ile na kuacha makovu yasiyofutika. Mwenye nyumba atayaona kila asubuhi anaponawa uso. Baada ya muda shaba iliyofunuliwa huota kutu ya kijani, na mfereji uliokuwa mpya huonekana kama umeokotwa jaani.

Hasara hii si ndogo kwa fundi. Bei ya mfereji mmoja mzuri yaweza kuzidi ujira wake wa siku nzima, na wako waajiri wasiosita kuikata katika malipo yake. Hata asipokatwa kitu, habari husafiri. Mwenye nyumba wa pili hamwiti tena, wala wa tatu, na yeye hajui sababu.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza mafunzo ya ufundi wa bomba, akiisha kupata fedha zake za kwanza, hufika dukani kutafuta chombo kisicho na meno. Huko hukuta vyombo viwili vinavyokaribiana kwa sura. Cha kwanza ni koleo la kurekebishwa lenye mataya laini, yaani yasiyochongwa meno. Cha pili ni koleo ambalo mataya yake hukaa sambamba daima, yawe yamefunguliwa sana au kidogo. Hapa litaitwa koleo-spana, kwa kuwa lafanya kazi ya vyote viwili. Bei ya hili la pili yaweza kuwa mara mbili au tatu ya lile la kwanza, na pengine zaidi. Mwenye duka atamwambia kwamba kilicho ghali ndicho bora. Rafiki yake atamwambia kwamba chuma ni chuma. Wote wawili hawakumsaidia, kwa maana hakuna aliyemwuliza ni kazi gani anayokwenda kuifanya.

JINSI TAYA LINAVYOSHIKA

Koleo ni chombo cha kale. Mhunzi alikuwa nalo la kushikia chuma chekundu kabla mtu yeyote katika nchi hizi hajauona mfereji wa maji. Siri yake ni wenzo: mipini mirefu upande mmoja wa egemeo, mataya mafupi upande wa pili. Tuseme mkono unafinya mipini mahali palipo sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, na nati imeshikwa sentimita 4 kutoka kwenye egemeo hilo. Basi nguvu ya mkono huongezeka mara 5 inapofika kwenye nati. Mtu akifinya kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20, nati hubanwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100.

Koleo la kurekebishwa lilizidi lile la mhunzi kwa kuwa egemeo lake laweza kuhamishwa. Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1933 Howard Manning, mhandisi wa kampuni ya Champion-DeArment katika mji wa Meadville, alibuni koleo lenye mifuo kadhaa iliyochongwa karibu na egemeo, na ulimi unaoingia katika mfuo mmoja baada ya mwingine kwa kadiri ya ukubwa wa kitu kinachoshikwa. Chombo hicho kilipata sifa kubwa hata mwaka 1963 kampuni yenyewe ikabadili jina lake na kujiita Channellock, kwa jina la koleo lake. Makoleo mengi ya mafundi wa bomba duniani yamefuata mfano huo, mengine yenye meno, mengine laini.

Lakini lipo jambo moja ambalo mifuo haikuliondoa. Mataya ya koleo la namna hii hufunguka kama mkasi. Yanapoachana hufanya pembe, na kitu kilichomo ndani hushikwa na pembe hiyo. Nati, kwa upande wake, ina nyuso sita, na kila uso hutazamana na mwenzake ukiwa sambamba nao. Msomaji anayetaka kuona taabu inayotokea achukue rula mbili na kibiriti. Aziunganishe rula upande mmoja, aziachanishe upande wa pili, kisha akiweke kibiriti katikati. Ataona kwamba rula hazikilalii kibiriti ubavuni. Zinakigusa ukingoni tu. Ndivyo taya lisilo sambamba linavyoigusa nati. Nguvu zote za mkono hukusanyika juu ya kona mbili, na kona ya shaba haiwezi kustahimili chuma kigumu. Hulika, nati ikaanza kuwa mviringo, na nati ya mviringo ni msiba wa fundi, hasa ikiwa iko nyuma ya sinki ambako mkono mmoja tu ndio unaoweza kupita.

Meno yaliwekwa ili kuliponya jambo hilo. Taya lenye meno haliteleziki kwa urahisi hata likiwa limekaa vibaya, kwa sababu linauma. Ukiyaondoa meno, kovu limeondoka, lakini na mshiko nao umepungua. Koleo laini hutegemea kufinya kwa mkono peke yake, na mkono huo huo ndio unaotakiwa kuzungusha. Mtu hufinya kwa nguvu zote, kisha anapovuta, vidole hulegea bila yeye kujua, taya likaruka na kuikwaruza kromu ile ile aliyokusudia kuiokoa.

Hata hivyo koleo laini halistahili kulaumiwa kabla ya kutumiwa kwa akili. Kwa kila mfuo upo ufunguo mmoja ambapo mataya hukaribia kuwa sambamba. Fundi mzuri hatosheki na mfuo wa kwanza unaoingia nati. Hujaribu wa pili na wa tatu, akitazama kwa ubavu, mpaka aone taya limelala juu ya uso wa nati. Tena huligeuza koleo ili mvuto wa mkono uzidi kuyafumba mataya. Kulitambua hilo si kazi: vuta kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande ambao mipini inasukumwa kukaribiana ndio wa kufuata. Upande ambao inaachana mkononi ndio unaoharibu nati.

KOLEO-SPANA

Wazo la mataya yanayokaa sambamba si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya William Schollhorn, katika mji wa New Haven, Marekani, ilikuwa ikiuza makoleo madogo ya namna hiyo yaliyobuniwa na William Bernard, na hata leo wafua dhahabu hupenda makoleo ya aina hiyo kwa kunyoshea waya. Lakini hayo hayakuwa ya kufungua nati kubwa. Koleo-spana linalojulikana sasa lilitoka Ujerumani karibu na mwisho wa karne ya 20, kutoka kwa kampuni ya Knipex ya Wuppertal, iliyoanzishwa mwaka 1882. Baadaye wengine nao walianza kuunda vyombo vinavyofanana nalo.

Kwa mbali laonekana kama koleo jingine. Likitazamwa kwa karibu, huonekana kwamba taya moja halizunguki juu ya egemeo. Husogea moja kwa moja, kama taya la jiriwa la mezani. Fundi hubonyeza kitufe, husogeza taya mpaka liguse nati, hukiachia kitufe, na taya hubaki hapo. Kisha akiifinya mipini, taya husogea tena kidogo, likiwa bado sambamba, na kuibana nati kwa uso wake wote. Kona hazikuguswa peke yake. Nguvu imegawanyika, na kila sehemu ya chuma imechukua mzigo wake.

Nguvu yenyewe ni nyingi. Watengenezaji wanasema kwamba nyenzo zilizomo ndani huongeza nguvu ya mkono mara 10 hivi. Mkono ule ule wa kilo 20 sasa unabana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200, na hapo vidole havina haja ya kukazwa mpaka vitetemeke.

Lakini huenda faida inayopendwa zaidi na mafundi ni nyingine. Spana ya kawaida, ikiisha kuzungushwa kadiri nafasi inavyoruhusu, haina budi kutolewa, kurudishwa nyuma na kutiwa tena. Chini ya sinki, pahali penye giza na buibui, kulitafuta tena lile jicho la nati ni kazi ya kuchosha. Koleo-spana halitolewi. Fundi hulegeza mkono kidogo tu, mataya huachana kwa nafasi ndogo, chombo huteleza kurudi nyuma kikiwa kingali juu ya nati, akafinya na kuvuta tena.

Tena kuna jambo la vipimo, ambalo limewakosesha usingizi wanafunzi wengi. Mfereji unaoitwa wa nusu inchi hauna kitu chochote cha nusu inchi kinachoweza kupimwa kwa nje. Jina hilo latokana na tundu la bomba la chuma la zamani. Skrubu yake kwa nje ni karibu milimita 21, yaani zaidi ya robo tatu ya inchi, na nati inayoifunika lazima iwe kubwa kuliko hapo. Kijana anayekwenda kununua spana ya nusu inchi kwa ajili ya mfereji wa nusu inchi atarudi dukani siku hiyo hiyo. Isitoshe, madukani mnauzwa vitu vya nchi mbalimbali, vingine vimepimwa kwa inchi, vingine kwa milimita. Koleo-spana la urefu wa milimita 250 laweza kufunguka kwa kadiri ya milimita 50, na kati ya hapo na sifuri haliulizi nati imetoka nchi gani.

MAHALI LINAPOSHINDWA

Baada ya sifa hizi yafaa kusema wazi kwamba koleo-spana halifai kila kazi. Bomba la mviringo halina nyuso, na taya lililonyooka na laini huligusa kwenye mistari miwili tu. Likizungushwa litateleza, hata lingekuwa la bei ya ng'ombe. Kwa mabomba ya chuma ya zamani yaliyoshikwa na kutu, chombo ni spana ya bomba yenye meno, na hapo hakuna kromu ya kuhurumiwa. Nati za plastiki nazo ni hatari kwa namna nyingine: nguvu ya mara 10 ambayo ni baraka juu ya shaba, juu ya plastiki huleta ufa. Nati hizo zikazwe kwa mkono mtupu, na chombo kikihitajika, kwa kugusa tu. Wala mtu yeyote asitumie koleo-spana la mipini ya kawaida karibu na nyaya zenye umeme, akidhani kwamba ule mpira wa mipini utamkinga.

Tena ipo kazi moja ambayo koleo laini la bei nafuu huifanya kwa uzuri wote, nayo ni zile nati pana za kromu zilizo katika bomba la maji machafu, chini ya sinki. Nati hizo ni kubwa lakini nyembamba, na hazikazwi sana, kwa sababu kazi yake ni kubana mpira tu wala si kuzuia maji yenye msukumo. Hazihitaji nguvu; zinahitaji kinywa kikubwa kisichouma. Kulipeleka koleo-spana kubwa hapo ni kama kulibeba shoka kwenda kuchuma mchicha.

Basi kijana mwenye fedha za chombo kimoja anunue kipi? Kama kazi yake ya kila siku ni kufunga mifereji, vyoo na mabafu katika nyumba mpya, koleo-spana ni akiba. Litagharimu zaidi siku moja, na kuokoa mifereji siku nyingi. Hata akilazimika kungoja miezi miwili ili atimize bei, ni afadhali angoje. Mwenye nyumba au mkulima ambaye hufungua mfereji mara mbili kwa mwaka ili kubadili mpira hana sababu ya kungoja. Koleo laini litamtosha, akikumbuka kuchagua mfuo.

Wako watakaouliza kwa nini isitumiwe ile spana ya kurekebisha yenye parafujo, ambayo mafundi wameipa jina la utani lisilofaa kuchapwa hapa. Swali hilo ni la haki. Spana hiyo, ambayo Johan Petter Johansson wa Enköping, Uswidi, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892, nayo ina mataya sambamba yasiyo na meno, na bei yake ni ya chini. Juu ya nati yenye nyuso sita, ikiwa spana hiyo ni nzima, hulishinda koleo laini. Ubaya wake ni kwamba haibani kitu; hukizingira tu. Daima hubaki nafasi ndogo kati ya taya na nati, na parafujo ikizeeka nafasi hiyo hukua, na kona za nati hulipa. Hata hivyo kwa yule asiyeweza kabisa kupata koleo-spana, spana njema ya namna hii pamoja na koleo laini dogo ni mwanzo wa heshima, na mafundi wengi wamesomesha watoto kwa vyombo hivyo viwili.

Kwa yule ambaye ana koleo la meno tu na kazi ni ya leo, kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu kikizungushwa juu ya nati huikinga kromu. Mpira wa ndani wa baiskeli nao hutumiwa, lakini ni mnene na huvutika, na koleo laweza kuruka. Ngozi ni bora.

KUCHAGUA NA KUTUNZA

Dukani mnunuzi asitazame rangi ya mipini, wala asiridhike na jina lililochapwa juu ya chuma, kwa maana majina huigwa. Ayafumbe mataya na kulielekeza koleo kwenye mwanga. Mwanga ukionekana upande mmoja tu, mataya hayakukutana sawasawa, na chombo hicho hakitakuwa sambamba hata siku moja. Kisha ashike taya linalosogea na kulitikisa kwa ubavu. Mchezo mdogo hauna neno. Likicheza kama jino la mtoto, alirudishe rafuni. Mwisho abonyeze kitufe mara kadhaa na kulisogeza taya kwa kila kituo, kisha afinye kwa nguvu mahali hapo, ili aone kama linaponyoka.

Siku ya kwanza ya kazi mtu aliyezoea koleo laini hukaza kupita kiasi, kwa sababu mkono wake haujajua nguvu mpya. Nati ya bomba la shaba la milimita 15, inayobana pete ndani yake, ikiisha kukazwa kwa vidole, aghalabu huongezewa mzunguko mmoja tu. Nati ya bomba linalopindika lenye mpira ndani hutaka robo ya mzunguko mpaka nusu. Zaidi ya hapo pete huharibika au mpira hukatika, maji yakaanza kutoka usiku, nyumba imelala. Na kila mara sehemu ya pili ya kiungo ishikwe kwa chombo kingine, ili mzunguko usilifikie bomba lililo ukutani na kulivunja ndani ya saruji, mahali pasipoonekana.

Adui wa koleo-spana ni mchanga. Njia ile ambayo taya husogelea ndani yake hukusanya vumbi la saruji, na vumbi hilo pamoja na mafuta huwa kama tupa inayokula chuma taratibu. Jioni lisuguliwe kwa brashi ya meno iliyochakaa, lipanguswe kwa kitambaa, na tone moja la mafuta mepesi litiwe kwenye njia ya taya na kwenye kitufe. Likianguka katika mchanga wenye maji, lisifinywe kwanza. Lisuuzwe kwa maji safi, likaushwe, ndipo litiwe mafuta. Mataya yenyewe yapanguswe mpaka yakauke kabisa kabla ya kugusa kromu nyingine, kwa maana punje moja ya mchanga iliyonata kwenye taya laini hukwaruza kama jino.